Pikipiki na Daftari

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Kimbiji, nikuelekeze. Unavuka kwa pantoni pale Magogoni, au unapita Kurasini kwenye lile daraja lililofunguliwa mwaka 2016, halafu unashika njia ya kusini. Unaiacha Mjimwema, unaiacha Gezaulole, unaacha viwanja vingi vilivyopandwa bikoni ambavyo wenyewe hawajajenga, mpaka unaanza kujiuliza kama kweli bado uko Dar es Salaam. Uko. Zamani tuliandikwa watu wa Temeke, sasa tunaandikwa watu wa Kigamboni, lakini minazi ni ileile na bahari ni ileile.

Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe. Pikipiki kumi na mbili: Boxer nyingi, TVS mbili, na SanLG moja kuukuu ambayo mwenyewe anaiapia. Mimi si dereva. Mimi ni yule jamaa ambaye hakosekani katika kijiwe chochote, aliyemaliza kidato cha nne, matokeo anayajua mwenyewe, anakaa kwenye benchi na daftari akisema anaandika riwaya. Washikaji wananiita Mwandishi, na wanaposema hivyo wanacheka.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alikufa barabarani, usiku, akirudi peke yake baada ya kumshusha abiria. Jina lake sitalitaja hapa. Kwao ni Nangurukuru, wilaya ya Kilwa, lakini kwa kuwa maiti haikai, tulimzika hapahapa Kimbiji kesho yake adhuhuri. Mama yake hakuwahi.

Nataka niseme ukweli kuhusu msafara ule wa makaburini. Walikuja madereva kutoka vijiwe vya jirani, pikipiki zaidi ya hamsini. Honi mwanzo hadi mwisho. Wengine walisimama juu ya siti, wengine walinyanyua tairi la mbele, wengine walipakia mshikaki, watu watatu wasio na kofia. Ndiyo heshima yetu ya kumwaga mwenzetu, na sitaki kuwabeza. Lakini kabla hatujafika, kijana mmoja wa kijiwe cha pili alimgonga mwenzake kwa nyuma, akaruka, akavunjika mtulinga. Tulikwenda kuzika mmoja, nusura tuzike wawili.

Basi ilipokaribia arobaini, mama wa marehemu akatuma salamu kwamba kisomo kitakuwa kwake, Nangurukuru, na wote tunakaribishwa. Ni yapata kilometa mia tatu kutoka hapa. Mwenyekiti wetu wa kijiwe, mtu mzima, aliyeanza kuendesha kabla ya kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa halali, akasema: “Tutakwenda, ila siyo kwa fujo zile. Wewe Mwandishi unayesomasoma, hebu tafuta watu wa safari ndefu wanafanyaje.”

Nikaenda kutafuta, na nilichokikuta ndicho kinachonifanya niandike makala hii.

Nianze na neno lenyewe. Pikipiki ni mlio. Kiswahili kilikisikia kitu kabla hakijajua kinaitwaje na kwao, kikakipa jina la sauti yake. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, lilikuwa na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Katika vita hiyohiyo mizigo ilibebwa vichwani na watu malaki kwa malaki, na kumbukumbu kubwa waliyotuachia hapa mjini ni jina la mtaa, Kariakoo, lililotokana na kile kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Weka jambo hilo akilini. Waliokwenda mbali zaidi katika nchi hii walikwenda kwa miguu, na hawakuulizwa majina.

Sasa njoo kwa akina dada wawili. Tarehe 11 Desemba 1934 Theresa Wallach na Florence Blenkiron, Waingereza, waliondoka London kwenda Cape Town kwa pikipiki aina ya Panther ya cc 600, iliyofungwa kigari cha ubavuni na nyuma yake tela. Mtambo wote waliuita The Venture. Hebu jaribu kuiona: pikipiki ya silinda moja, inakokota kigari, inakokota tela, inaingia jangwa la Sahara, na mabibi hao hawana hata dira. Injini iliwafia jangwani, wakaifumua na kuijenga upya mjini Agadez. Kutoka hapo wakapita Nigeria, wakakata misitu ya Afrika ya Kati na Kongo ya Wabelgiji, wakatokea Uganda, Kenya, halafu Tanganyika, wakashuka Rhodesia mpaka Cape Town, ambako walifika tarehe 29 Julai 1935. Karibu miezi minane.

Niliposoma kwamba walipita Tanganyika, nilisimama. Babu yangu mzaa mama alikuwa kijana mwaka huo. Barabara kuu ya kaskazini na kusini siku zile ilipita Arusha, Kondoa, Dodoma, Iringa, Mbeya, ikawa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Mtu fulani aliwapa maji. Mtu fulani aliwasukuma pale tela liliponasa. Wapo waliolala usiku huo wakisimulia kwamba wamewaona wanawake wawili wa Kizungu wamevaa suruali, wamepaka grisi mpaka viwikoni. Hadithi yao haipo popote, na bibi yule yupo kitabuni, kwa sababu yeye aliandika.

Hata hivyo, sikiliza jambo ambalo mwandishi chipukizi anapaswa kulisikia. Theresa Wallach hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1939 aliizunguka njia ya mashindano ya Brooklands kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa juu ya Norton ya cc 350. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa tarishi wa pikipiki katika jeshi la Uingereza. Baadaye alihamia Marekani, akafungua shule ya kufundisha watu kuendesha. Pamoja na sifa zote hizo, kitabu chake cha safari ile, The Rugged Road, kilitoka mwaka 2001. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 90. Miaka sitini na sita kutoka safari hadi kitabu! Sisi ambao tumerudishiwa miswada na wachapishaji mara mbili tunadhani dunia imetuonea.

Nilipowasimulia kijiweni, dereva wa SanLG aliuliza swali moja tu: “Tela walilifunga na nini?” Sikuwa na jibu. Ndipo nikajua kwamba dereva na msomaji hawasomi kitu kimoja.

Wa pili ni Ted Simon. Huyu alikuwa mwandishi wa habari, na gazeti la Sunday Times la London lilimuunga mkono. Aliondoka tarehe 6 Oktoba 1973 na Triumph ya cc 500. Alishuka kutoka Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya, akaingia kwetu Tanzania katika miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, akaendelea hadi Afrika Kusini, kisha Amerika, Australia na Asia. Miaka minne, zaidi ya kilometa 100,000. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitoka mwaka 1979, na wengi waliomfuata wanasema kilianzia kwake. Mwaka 2001, akiwa mzee wa karibu miaka sabini, aliianza tena safari ileile, na alipofika Kenya akaanguka, akavunjika mguu. Akatibiwa, akaendelea. Nawaambia washikaji hivyo, mwenyekiti anatikisa kichwa, anasema mzee huyo hana wajukuu wa kumkataza.

Na wa tatu ni mtu ambaye sura yake mnaivaa kwenye fulana bila kujua kwamba aliwahi kulala katika mji huu. Mwaka 1952 kijana wa Argentina, Ernesto Guevara, mwanafunzi wa udaktari, alizunguka Amerika ya Kusini na rafiki yake Alberto Granado juu ya Norton ya cc 500 iliyochoka. Pikipiki yenyewe waliita La Poderosa, yaani Yenye Nguvu, jina la kejeli, maana iliwafia Chile wakamalizia safari kwa kudandia malori. Miaka kumi na tatu baadaye, Aprili 1965, Guevara yuleyule, sasa Che, aliingia Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuwaunga mkono wapiganaji wa Kongo. Wacuba wale walipewa majina ya namba za Kiswahili. Kiongozi aliyetangulizwa aliitwa Moja, mwingine Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Novemba mwaka huo walirudi wakiwa wameshindwa. Alijifungia katika ubalozi wa Cuba hapahapa Dar, miezi kadhaa, akaandika habari za kushindwa kwake.

Nikipita mjini huwa nafikiri juu ya mtu huyo, amefungiwa chumbani, joto la Desemba, feni inazunguka, kalamu mkononi. Kitabu cha Kongo kilichapishwa mwaka 1999. Kile cha pikipiki kilitoka miaka ya tisini mwanzoni. Yeye aliuawa Bolivia mwaka 1967. Daftari zake zote mbili zilikaa sandukuni muda mrefu kuliko alivyoishi baada ya kuziandika.

Hapo nilitaka kuhitimisha kwa lawama: ati wageni wanaandika, sisi tunasimulia tu. Lawama hiyo ni tamu, tunaipenda sana sisi vijana wa kalamu. Lakini si kweli, na nilipaswa kuijua mapema. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake wasimulizi ni Waswahili wenyewe. Sulaimani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Selim bin Abakari, ambaye asili yake ni Komoro, anaeleza alivyofuatana na bwana wake Mjerumani, Dk. Bumiller, mwaka 1896, mpaka Urusi na Siberia. Siberia, bwana! Mtu wa pwani hii, anaandika Kiswahili, anaeleza theluji kwa watu ambao hawajaiona. Hivyo, ndugu zangu, safari ndefu na kalamu tulikuwa nazo kabla Panther ya akina Wallach haijaundwa. Kamba ilikatika mahali fulani kati ya mguu na injini. Madereva wa malori waliopeleka mafuta Zambia kuanzia mwishoni mwa 1965, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake, waliipita njia ambayo Waingereza waliiita Njia ya Jehanamu: matope, makorongo, malori yaliyopinduka, shaba inarudi huku mafuta yanakwenda kule. Wangapi kati yao waliweka daftari? Nimetafuta riwaya ya Kiswahili ya dereva mmoja wa njia ile, sijaiona mkononi mwangu. Kama unaiandika wewe, harakisha, wazee wanaondoka.

Kwenda mbali kwa kundi nako hatukukuanza na honi za bodaboda. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, vijana walitembea kwa makundi kutoka mikoani kuja Dar es Salaam kuliunga mkono. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Oktoba mwaka huo, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200. Kijana mmoja, Seti Benjamin, aliyekuwa akitembea kutoka Arusha, alifia njiani. Shuleni tulifundishwa jina lake kama shujaa, basi, tukafunga daftari. Hakuna mwalimu aliyetuuliza: nani alikuwa mbele ya kundi lile, nani alikuwa nyuma, maji walibeba nani, walipumzika kila baada ya muda gani, na nani aliona kwanza kwamba mwenzao amechoka? Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu sisi nasi tulikuwa tunataka kwenda kilometa mia tatu kwa ajili ya mtu aliyekufa, na sikutaka turudi tukiwa na shujaa wa pili.

Huko Marekani wako waendeshaji wa chama kiitwacho Iron Butt Association, yaani Matako ya Chuma. Kijiweni jina hilo lilichekesha siku tatu. Kiingilio chao ni kuendesha maili 1,000, sawa na kilometa 1,609, ndani ya saa 24. Kwa hesabu yetu ni kama kwenda Mbeya na kurudi kati ya alfajiri na alfajiri. Ni mwendo wa kilometa 67 kila saa, bila kusimama hata kukojoa. Kwa barabara zetu zenye vibao vya 50 kila kijiji, na trafiki nyuma ya mti, mimi naona ni wendawazimu, na kwa Boxer ni wendawazimu wenye moshi. Lakini kuna kitu kimoja chao kilinikamata. Hawakuamini kwa maneno. Ulitakiwa uwe na shahidi wa kuondoka na shahidi wa kufika, na kila unapojaza mafuta uchukue risiti yenye mahali na saa, uandike na kilometa zilizosomeka kwenye dashibodi. Unapeleka makaratasi, wanakagua. Yaani mwishoni kabisa, safari ngumu kuliko zote za pikipiki inathibitishwa na rundo la risiti za sheli.

Nikamwambia mwenyekiti: tutafanya hivyo. Akasema, “Risiti? Sisi?” Nikamwambia, sisi.

Na kanuni nyingine tulizichukua kwa waendeshaji wa makundi wa nchi mbalimbali, maana karibu wote wanafanana. Wa mbele ni mmoja, anayeijua njia, na hakuna wa kumpita. Wa pili yake ni yule dhaifu kuliko wote, si yule hodari, ili mwendo wa kundi uwe mwendo wake. Wa mwisho ndiye mfunga msafara, naye awe fundi, mwenye spana, pampu, tyubu na viraka. Hamwendi kwa mstari mmoja wala kwa ubavu kwa ubavu. Mmoja anashika kulia kwa njia yenu, anayefuata kushoto, hivyo hivyo, ili kila mtu awe na nafasi ya kufunga breki. Taa zinawaka mchana. Na kila dereva ana kazi moja ya kumtazama aliye nyuma yake kwenye kioo. Usipomwona, punguza. Asipotokea, simama. Aliye mbele yako naye hatakuona, atasimama, na habari itapanda hivyo mpaka kwa kiongozi bila simu wala honi. Niliipenda kanuni hii kuliko zote. Siku ile ya mazishi hakuna aliyekuwa anatazama nyuma.

Ugomvi ulitokea kwenye nafasi ya pili. Hakuna aliyekubali kuwa dhaifu. Walibishana jioni nzima, mpaka mwenye SanLG akasema, “Mimi siyo dhaifu, ila chombo changu ni dhaifu,” akakaa hapo. Tulimshukuru.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, pikipiki kumi na moja. Mimi nilikaa nyuma ya mfunga msafara, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni. Shahidi wetu wa kuondoka alikuwa mama muuza vitumbua, alitia saini kwa kalamu yangu na mkono wenye mafuta, na doa lipo mpaka leo. Tulikata Kibada, tukatokea Kongowe, tukashika njia ya kusini. Mkuranga, dakika kumi za kunyoosha miguu. Kibiti, chai na mafuta. Kila kituo nilidai risiti. Kijana wa sheli ya kwanza aliniuliza kama sisi ni watu wa serikali.

Mtu aliyezaliwa juzi haijui njia hii ilivyokuwa. Mpaka mwaka 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikizidi watu wa Lindi na Mtwara walikuwa kama wako nchi nyingine. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki miaka mingi bila lami, mabasi yakilala kwenye tope. Daraja lenyewe ni karibu kilometa moja. Tulilivuka polepole, taa zinawaka, mmoja kulia mmoja kushoto, na mimi niliye nyuma niliwaona wote kumi kwa mara ya kwanza katika mstari, juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyepiga honi. Niliandika hivyo, na nikaandika saa: tatu na dakika arobaini.

Mbele ya Somanga msafara ulisimama. SanLG ilikuwa imekatika cheni. Sikuliona tukio, niliona tu vichwa vinageuka kimoja baada ya kingine, taa za breki zinakuja kwetu, na kabla hatujafika wote walikwishatoka nje ya lami. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyeachwa. Fundi alitoa kiungo cha cheni mfukoni, dakika ishirini na tano, tukaondoka. Nilitamani Theresa Wallach angekuwepo, au angalau yule mtu wa Kondoa ambaye hakuandikwa.

Siku hizi Waafrika nao wameanza kutia safari zao kwenye kumbukumbu. Mwaka 2022 Mnigeria Kunle Adeyanju aliendesha pikipiki kutoka London hadi Lagos kwa siku 41, akichangisha fedha za kupambana na polio. Mwaka 2024 dada mmoja wa Nigeria, Ebaide, alitoka Mombasa peke yake na pikipiki akafika Lagos. Picha zao zilizagaa kwenye simu zetu kila siku wakiwa njiani. Sina ugomvi na picha. Ila simu ya marehemu wetu, iliyokuwa na picha zake zote, ilipasuka pamoja naye.

Tulifika Nangurukuru kabla ya swala ya Ijumaa. Nyumba haikuwa mbali na njia panda ya Kilwa Masoko. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani pamoja na wanawake wenzake. “Shikamoo mama,” tukasema wote kwa pamoja kama watoto wa shule. “Marahaba wanangu. Poleni na njia.” Alitutazama mmoja mmoja tukivua kofia ngumu, midomo yake inatikisika kidogo, nikadhani anasoma dua. Kumbe anahesabu.

“Mbona mko kumi na moja wenye vyombo?” aliuliza. “Mwanangu aliniambia kijiweni mko kumi na wawili.”

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti alikohoa. Naye akaelewa mwenyewe, akainamisha kichwa, akasema karibuni ndani, maji yapo.

Baada ya kisomo na pilau, wazee walipokwenda kupumzika, aliniita. Alikuwa ameniona nikiandika. Akataka nimsomee. Nilimsomea tangu vitumbua, risiti moja moja, Kibiti lita ngapi, daraja saa ngapi, cheni dakika ngapi. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayehakiki deni. Nilipomaliza akauliza, “Na yeye umemwandika wapi?”

Nilipekua, kama vile sijui. Orodha ilianza na mwenyekiti na kuishia na mimi.

Akaniambia nifungue ukurasa mpya. Akasema andika kwamba pikipiki yake ya kwanza haikuwa ya mkopo, kama watu wanavyosema huko Dar. Ilinunuliwa kwa ufuta wa shamba lake yeye mama na akiba kidogo ya kijana, na aliiendesha kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, peke yake, kwenye mvua, kuja kumwonyesha. Alifika usiku, ametapakaa tope mpaka kwenye meno, akailaza ndani ya nyumba, mlango wa mbele, watu wakalala wanaikanyaga. Nilikuwa naandika haraka, mwandiko mbaya. Nikasoma tena kwa sauti ili ahakikishe: magunia mawili ya ufuta.

“Matatu,” akasema. “Mawili yalikuwa ya mwaka ule, moja la mwaka wa nyuma nililoliweka.”

Nikakata, nikaandika matatu.